Meza ya Mchoraji: Nani aliyechagua S235?

Wasomaji wangu, barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: gredi ya chuma, yaani daraja lake la nguvu na ubora kama S235 au S355, ndani ya programu za kuchorea majengo ya chuma. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kosa analolieleza kijana huyu nililifanya mimi mwenyewe, na pleti zilikuwa zimeshakatwa.

Shikamoo mama. Niko Mwanza, nina miaka miwili katika kazi ya uchoraji. Nachora ghala la kuhifadhia samaki kwa Tekla Structures. Injinia ameandika kwamba boriti, nguzo na pleti zote ni S355J2. Nilipotoa orodha ya vyuma nikapata makundi manne: S355J2, S355JR, S235JR, na jingine limeandikwa S355 tu. Hayo matatu ya mwisho sikumbuki kuyachagua. Yametoka wapi, na nifanyeje?
*Msomaji, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Ni kweli hukuyachagua, na shida yenyewe iko hapo. Kila kipande ndani ya modeli kina kisanduku cha gredi, na kisanduku hicho hakikai kitupu. Usipokijaza wewe, kitajazwa na mpangilio uliowekwa na mtu mwingine, pengine miaka kumi iliyopita, pengine kwa ajili ya nchi nyingine.

Kwako naona njia tatu zilizoingiza gredi hizo. Ya kwanza ni mpangilio uitwao standard. Ukibofya kuchora boriti, programu inasoma faili la standard la boriti. Nguzo ina lake, pleti ina lake. Ukirekebisha la boriti ukasahau la pleti, pleti itaendelea na gredi yake ya zamani.

Ya pili ndiyo mbaya zaidi: viungo tayari, vile ambavyo ukigusa nguzo kisha boriti vinajitengenezea pleti, bolti na weldi vyenyewe. Kiungo kina kisanduku chake cha gredi kwa kila pleti. Kisanduku hicho kikiwa wazi, programu inakwenda kuchukua gredi kwenye mipangilio ya jumla ya modeli, upande wa viungo. Mchoraji mchanga haendi huko, kwa sababu hakuna kinachomwita. Naamini S235JR yako imetoka hapo.

Ya tatu ni vipande vilivyonakiliwa kutoka modeli ya kazi nyingine, au vilivyoletwa kutoka programu ya injinia. Vinakuja na jina lao. Hiyo S355 isiyo na mkia, yaani isiyo na herufi za mwisho kama JR au J2, nadhani ilipita njia hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini nimekazana hivi. Miaka kadhaa iliyopita nilichora ghala la fremu 16. Kila fremu ilikuwa na pleti nne za ncha: mbili kwenye mabega, ambapo boriti ya paa inakutana na nguzo, na mbili kileleni. Jumla 64, kila moja unene wa milimita 20, upana 200, urefu 700. Injinia alitaka S355. Boriti na nguzo zangu zote zilikuwa S355, nilizihakiki moja moja. Pleti zilitoka kwenye kiungo tayari, nikaangalia vipimo vyake, matundu yake, weldi yake. Kisanduku cha gredi nilikipita.

Orodha ikaenda karakana na S235 kwenye safu ya pleti. Waliinunua kama ilivyoandikwa, wakakata, wakatoboa. Aliyegundua ni fundi mkuu, alipokuwa akipanga pleti kando ya boriti ili zianze kuchomelewa. Aliona rangi ya stoo, ile ya kutofautisha gredi, kwenye kingo za pleti si ile iliyopakwa kwenye ncha za boriti. Akanipigia: "Dada, hizi pleti ni za kazi hii kweli?" Nikafungua modeli nikiwa na simu sikioni. Nilipoliona lile neno S235JR, mikono iliniishia nguvu.

Tulipata bahati kwamba hakuna hata moja iliyokuwa imechomelewa. Pleti zote 64 zilirudishwa stoo, zikanunuliwa nyingine, ofisi yetu ikalipa. Kila pleti ina uzito wa karibu kilo 22, kwa hiyo ni kilo 1,400 na ushee za chuma kilichotobolewa bure.

Lililoninyima usingizi hasa si fedha. Ni kwamba hakuna kipimo changu hata kimoja kilichoweza kunionyesha kosa lile. S235 na S355 zina uzito ule ule, kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo jumla ya tani kwenye orodha ilikuwa sahihi. Futi kamba ingeonyesha sawa. Matundu yangekutana sawa. Jengo lingesimama, likapakwa rangi, likafunguliwa, na pleti zote zingekuwa dhaifu kwa zaidi ya theluthi moja kuliko injinia alivyopiga hesabu. Namba inayofuata herufi S ni kiwango ambacho chuma kikizidishiwa mzigo hakirudi tena katika umbo lake, kwa N/mm², na kinahesabiwa kwa unene usiozidi milimita 16. Kwa pleti ya milimita 20, kiwango cha Ulaya EN 10025-2 kinaipa S355 kiasi cha 345, na S235 kiasi cha 225. Chukua kalamu utoe.

Turudi kwenye modeli yako. Weka nakala pembeni kwanza. Kisha paka rangi: tengeneza mwonekano unaogawa vipande kwa gredi, S355J2 iwe bluu, na chochote kisicho S355J2 kiwe chekundu. Usianze na orodha, anza na rangi, kwa sababu jicho litaona mara moja kwamba wekundu umekusanyika kwenye viungo au umetawanyika kwenye boriti, na hapo utajua umetoka njia ipi kati ya zile tatu.

Boriti na nguzo zilizo nyekundu zichague kwa kichujio cha gredi, kisha badilisha gredi peke yake. Ikiwa toleo lako ni la zamani, lenye visanduku vya tiki kando ya kila mstari, ondoa tiki zote, ubakize ya gredi tu. Nimewahi kumwona mwenzangu akibadilisha gredi za nguzo na boriti kwa pamoja huku tiki zote zikiwa zimewekwa, na jengo zima likageuka kuwa la profaili moja, yaani umbo na vipimo vya aina moja, mbele ya macho yetu. Alirudisha nyuma kwa Ctrl na Z, lakini je, kama angekuwa ametoka kunywa chai bila kutazama skrini?

Pleti za viungo usizibadilishe zenyewe. Ukibadilisha pleti iliyo ndani ya kiungo, kesho ukirefusha boriti, kiungo kitajijenga upya na kurudisha gredi yake. Fungua kiungo chenyewe, nenda kwenye ukurasa wa pleti, andika gredi hapo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya jumla, upande wa viungo, uweke S355J2 kama gredi ya kawaida, ili kiungo kitakachoachwa wazi kisikurudishe ulikotoka.

Ukimaliza, piga namba upya. Programu huihesabu gredi kama sehemu ya utambulisho wa kipande: pleti mbili zinazofanana kila kitu, moja ikiwa S355J2 na nyingine S355, zinapewa alama mbili tofauti na michoro miwili. Kwa hiyo alama zitabadilika. Kama kuna michoro iliyokwisha kutoka, itoe tena kwa herufi mpya ya marekebisho, uwapigie simu karakana kwa mdomo wako. Usitegemee barua pepe peke yake.

Kuhusu S355JR kuingia mahali pa S355J2, naona hapo ndipo unapoweza kushawishika kusema "si ni 355 zote?" Usiseme. Herufi za mwisho zinahusu ukakamavu wa chuma kinapopigwa kwenye baridi. JR kimejaribiwa kwa joule 27 katika nyuzi 20, J0 katika nyuzi sifuri, J2 katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa ghala la magunia pale Mwanza JR ingeweza kutosha. Wewe unachora ghala la samaki, na samaki waliogandishwa hukaa nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Ikiwa sehemu ya fremu yako iko ndani ya kuta za baridi, injinia aliandika J2 akijua anachofanya. Na hiyo S355 isiyo na mkia ni hatari kwa namna nyingine: ofisa manunuzi hawezi kununua gredi nusu, atamwachia muuzaji aimalizie.

Ili isijirudie, ofisini kwetu siku ya kwanza ya kila kazi mtu mmoja anakaa na maelezo ya injinia. Anaandika mafaili ya standard ya boriti, nguzo na pleti, na gredi ya viungo, kisha anayaweka kwenye folda ya kampuni au ya mradi. Zile folda ambazo programu inazitaja XS_FIRM na XS_PROJECT. Hiyo XS ni masalia ya jina lake la kale, Xsteel. Fahamu tu kwamba programu inatazama kwanza folda ya modeli yenyewe. Ukihifadhi standard nyingine ndani ya modeli, ya kampuni haitasomwa tena. Ndivyo ilivyo hata kwa katalogi ya gredi: gredi uliyoongeza ndani ya modeli ya leo inakaa kwenye faili la modeli hiyo, na mwenzako kwenye modeli ya pili hataiona. Ataandika yake, kwa tahajia yake. Kwa hiyo katalogi yetu tumeisafisha: gredi tusizonunua tumezifuta, na anayetaka kuongeza anaomba.

Asalaam aleikum dada. Niko Maskati, ofisi yetu inachora kwa wateja wa Marekani na wa hapa Ghuba. Mara nyingi michoro inasema A992 au A36, gredi za Kimarekani, lakini muuzaji ana S355JR, S275JR au Q355B ya China. Bosi ananiambia nibadilishe jina kwenye katalogi, kazi iendelee. Ni sawa?
*Msomaji, Maskati*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Si sawa, na usifanye hivyo hata ukiamriwa, maana jina lako ndilo linalokaa kwenye kisanduku cha aliyechora.

Namba zenyewe zinakaribiana, ndiyo maana watu wanadanganyika. A36 ni 250 N/mm², A992 ni 345, S275 ni 275, S355 ni 355. Ukitazama hapo utasema chuma cha Ulaya kinazidi kote, shida iko wapi? Shida ni unene. S355 ikivuka milimita 16 inashuka hadi 345, ikivuka 40 inashuka hadi 335, ikivuka 63 hadi 325. A992 haina ngazi hiyo ya kushuka. Kwa hiyo ukibadilisha A992 kwa S355 kwenye nguzo nzito ambayo ubao wake, yaani ule upande wake mpana, una unene wa milimita 50, umeingia chini ya hesabu ya injinia.

Q355B nayo ina historia yake. Wachina walikuwa na Q345, na kiwango chao cha GB/T 1591 cha mwaka 2018 kikaifuta kikaweka Q355. Usidhani waliongeza nguvu. Walibadilisha sehemu ya kupimia: zamani walisoma kiwango cha chini cha pale chuma kinapoanza kulegea, sasa wanasoma cha juu, kama wanavyofanya Ulaya. Ukikuta vyeti viwili, kimoja Q345B na kingine Q355B, usiviweke katika safu moja ya nguvu kabla injinia hajaviona.

Fanya hivi. A992 iache kwenye katalogi kama ilivyo. Ongeza gredi mpya yenye jina la chuma kinachonunuliwa, na uijazie sifa zake. Mwandikie injinia swali rasmi, kipande kwa kipande, pamoja na unene, naye ajibu kwa maandishi. Akikubali, badilisha vile alivyovikubali tu, na kwenye sifa za ziada za kipande andika gredi ya awali na namba ya ile barua. Ukipita mwaka, mtu akiuliza kwa nini A992 imekuwa S355JR, jibu litakuwa ndani ya kipande chenyewe, hatakuwa na haja ya kukutafuta.

Bosi wako mwambie kwa upole kwamba barua ya siku tatu ni nafuu kuliko kilichonikuta mimi na pleti zangu.

Bintiangu, mimi ni mzee niliyestaafu, niko Mombasa. Mpwa wangu anachora upanuzi wa bohari la mwaka 1974. Michoro ya zamani imeandikwa Grade 43A. Yeye amekuta Fe 430 kwenye kompyuta akaichagua, na sasa ananiambia chuma cha zamani ni 430 na kipya ni 275, kwa hiyo cha kale kina nguvu kuliko cha leo. Sikubaliani naye ila sijui nimjibu vipi.
*Msomaji, Mombasa*

Shikamoo mzee wangu. Umefanya vyema kutokubali. Mpwa wako analinganisha vipimo viwili tofauti.

Waingereza katika kiwango chao cha BS 4360 walikiita chuma kwa nguvu ya kukatika. 43 maana yake kinakatika kuanzia kwenye 430 N/mm² hivi. Kiwango cha Ulaya kilipoingia kilianza na jina Fe 430, bado kwa kipimo kile kile cha kukatika. Baadaye wakaacha kukiita kwa kukatika wakakiita kwa kulegea, yaani pale kinapoanza kutorudi katika umbo lake, na kulegea kwake ni 275. Kwa hiyo 43, Fe 430 na S275 ni ukoo mmoja uliopewa majina kwa nyakati tofauti. Vivyo hivyo daraja la 50 ni Fe 510, na leo ni S355. Mpwa wako akiingiza 430 kama nguvu ya kulegea kwenye hesabu yoyote, ataizidisha nguvu ya bohari lile kwa zaidi ya nusu. Mzuie leo hii, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Ile A ya mwisho nayo ina maana: 43A haikudaiwa kupimwa kwa kupigwa kwenye baridi, 43B ndiyo inayokaribia S275JR. Asiandike S275JR kwa chuma cha zamani kana kwamba ana cheti chake mkononi.

Kama wanataka kuchomelea chuma kipya kwenye cha zamani, injinia aagize kipande kidogo kikatwe mahali pasipobeba mzigo mkubwa, kipimwe maabara, nguvu na kemikali. Michoro ya mwaka 1974 inasema kilichokusudiwa. Kilichofungwa kweli kinasemwa na chuma chenyewe.

Na ndani ya modeli, aunde gredi ya pekee kwa vyuma vilivyopo, mathalani ILIYOPO-43A, visichanganyike kamwe na S275. Sababu ni ya kila siku: siku ya kutoa orodha ya manunuzi, kila chenye jina ILIYOPO kinaondolewa kwa kichujio kimoja. Nimeshaona nguzo zilizosimama ukutani kwa miaka thelathini zikiagizwa upya.

Habari za kazi dada. Nikibadilisha gredi ya boriti kuwa S355, bolti nazo zinapanda? Na papi za Z, vile vyuma vyembamba vinavyobeba bati la paa, nizipe gredi gani?
*Msomaji, Arusha*

Nzuri, mdogo wangu. Bolti hazipandi. Zina katalogi yake na daraja lake: 8.8 inakatika kwenye 800 N/mm² na inalegea kwenye asilimia 80 ya hapo, yaani 640, 4.6 ni 400 na 240. Ukibadilisha boriti, fungua kikundi cha bolti uhakiki kwa macho, na usisahau bolti za msingi, kwa sababu hizo wachoraji wengi huzichora kama vipande vya kawaida na gredi yake inakaa kwenye kisanduku cha vipande.

Papi za Z hazitoki kwenye chuma kile cha boriti. Zinakunjwa kutoka bati nene lililopakwa zinki, na gredi zake ni kama S350GD au S450GD, kufuatana na kiwanda. Usiziache na S275 ya standard. Muulize muuzaji wa papi akupe gredi yake kwa maandishi, mpelekee injinia, ndipo uiandike. Mabomba ya mraba pia yana herufi H mwishoni, kama S355J2H, na hiyo H iandike, kwa sababu bila yake stoo hawajui kama unataka bomba au pleti ya kukunja.